Bi Upinde na Soli za Kusimamia

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bi Upinde atafunga mlango wa chumba cha michoro na kukabidhi ufunguo ofisini. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na moja katika kiwanda chetu cha viatu. Hesabu hiyo ni yake. Ofisi ya utumishi iliandika "miaka thelathini na minne" ikaishia hapo, naye akawarudishia karatasi yao ikiwa na alama ya kalamu nyekundu. Mtu aliyekula na kulala na milimita hakubali kupunjwa siku kumi na moja.

Nimeombwa niandike ukurasa mmoja wa jarida letu. Mimi ni fundi wa kalibu, yale maumbo ya chuma ambamo mpira hushindiliwa na kuokwa hadi ukatoka soli. Nimezoea kuchonga chuma, maneno sijayazoea. Mkiona kurasa zimezidi, mnisamehe.

Niseme mapema kwamba waraka huu si wa majonzi. Kuna wastaafu wanaoagwa kwa leso machoni. Huyu tunamuaga tukiwa tumeshusha pumzi, na yeye ameshusha yake, tena kwa sauti, ofisi nzima ikasikia. Sababu mtaiona mbele.

Bi Upinde ni mtoto wa dobi. Mama yake alifua na kupiga pasi shuka za hospitali, akisimama juu ya sakafu ya saruji kutwa nzima, na jioni alirudi nyumbani akiwa amevishika viatu mkononi. Binti huyu, akiwa darasa la tano, alikunja kipande cha shuka kuukuu, akakishona kikawa kigumu kama kidole gumba, kisha akakitumbukiza ndani ya kiatu cha mama, pale katikati ambapo unyayo umeinuka kama upinde. Mama alivaa, akatembea hadi mlangoni, akarudi.

"Mwanangu, umeweka nini humu?" akauliza. "Hebu weka na kwenye cha pili."

Bi Upinde husema hiyo ndiyo iliyokuwa barua yake ya kwanza ya ajira.

Barua ya pili, ile yenye mhuri, ilimpeleka kwenye meza ya gundi. Wanaoijua meza hiyo wanajua kwamba mtu hutoka pale na kichwa kizito na vidole vilivyogandana. Yeye alikaa hapo miaka minne bila kunung'unika, ila alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wenzake. Saa ya mapumziko, wakati wengine wanakula, alikwenda nyuma ya stoo kwenye pipa la viatu vilivyorudishwa na wateja, akaokota kimoja, akakipasua katikati kwa kisu cha ngozi. Walimwita "dada mchinja viatu." Mchoraji wetu wa wakati ule, mzee mwenye hasira za karibu na miwani iliyofungwa kwa waya, alimfuma siku moja akiwa amezungukwa na mizoga.

"Unatafuta nini humo?"

"Natafuta kilipomuuma mwenyewe," alijibu.

Mzee yule akamwambia aje chumba cha michoro Jumatatu, na asije na kisu. Alikuja na kisu.

Chumbani mle alijifunza kuchora, kupima na kubishana. Jina la Bi Upinde alilipata mwaka wake wa pili humo, kwa sababu kila mchoro ulipoletwa mezani swali lake lilikuwa moja: "Na upinde je?" Wakati huo soli zetu zilikuwa bapa kama ubao wa kukatia nyama. Tuliamini kiatu kizuri ni kiatu kinachong'aa. Yeye alitufundisha kwamba unyayo una daraja lake, na daraja lisipopata nguzo chini yake, mzigo unakimbilia kwenye goti, kutoka kwenye goti unapanda kiunoni, na mwenyewe analaumu uzee.

Ili kutuonyesha, alitandika karatasi ya kaki kwenye korido, akaweka beseni la maji, akatuamuru wote tuloweshe miguu na kukanyaga. Mama mfagizi alipiga kelele hadi getini. Lakini tulikanyaga, kila mtu akaona unyayo wake. Wengine ulitoka umekatika katikati, wengine umebaki na kiuno chembamba. Meneja wetu alijifanya ana simu ya kupokea. Bi Upinde akamsubiri mlangoni na beseni. Unyayo wa meneja ulitoka mzima kama tofali, hauna hata dalili ya upinde, na siku hiyo ndipo tulipoelewa kwa nini kila kikao chake kilikuwa cha kuketi.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalisikia nusu nusu. Nilimwuliza kama niliandike. Akasema, "Usipoliandika hilo, usiandike kabisa."

Ni miaka kumi na saba iliyopita. Tulipata kazi ya kushona viatu vyeupe vya wauguzi wa hospitali kubwa, jozi mia sita za mwanzo. Kwa Bi Upinde hiyo haikuwa kazi kama kazi nyingine. Hao walikuwa watu wanaosimama kama mama yake alivyosimama. Alichora soli yenye upinde ulioinuka sawasawa, mgumu, wa kumbeba mtu zamu nzima bila kusalimu amri. Aliuita mchoro huo "nguzo." Sote tuliusifu. Mimi ndiye niliyechonga kalibu yake.

Wiki ya nne baada ya viatu kupelekwa, simu ikaja. Muuguzi mmoja alikuwa akiteremka ngazi za hospitali na trei ya vifaa, mguu wake ukageuka, akaanguka ngazi saba, akavunjika kifundo cha mguu.

Kikao kiliitwa saa hiyo hiyo. Mtu wa mauzo alisema ngazi zilikuwa na maji. Mwingine akasema wauguzi hukimbia mno. Meneja aliandika yote mawili, akaonekana kupata nafuu. Bi Upinde alisubiri watu wanyamaze, akaomba kitu kimoja tu: aletewe viatu alivyokuwa amevaa muuguzi yule.

Vililetwa ndani ya mfuko wa hospitali. Alivigeuza juu chini, akavitazama muda mrefu. Kwa wiki nne tu, ukingo wa nje wa kisigino ulikuwa umelika kuliko wa ndani, tena vyote viwili. Aliniita. "Fundi, angalia hapa." Niliangalia. Nikasema huenda ni mwendo wake tu. Mimi nilijua kwa nini nimesema vile, kama mtakavyosoma.

Kesho yake alikwenda kumwona muuguzi nyumbani kwake. Nilimsindikiza kwa sababu sikuweza kukaa. Tulimkuta kaketi na mguu wenye plasta juu ya stuli, mdogo wake anamchania nywele. Bi Upinde alijitambulisha: "Mimi ndiye niliyechora viatu vyako. Nimekuja kukupa pole, na nimekuja kukuuliza."

Tulidhani tutafukuzwa. Muuguzi alimtazama, akasema, "Karibu mama, keti." Kisha akaeleza, bila hasira, kama anavyoeleza hali ya mgonjwa: "Mwanzoni nilivipenda. Nilihisi kama kuna mtu ananiinua katikati ya mguu. Siku zilivyokwenda nikaona yule mtu haniinui tena, ananisukuma nje. Nikawa natembelea ukingo. Siku ile kwenye ngazi nilikuwa na trei, sikuweza kushika kitu."

Bi Upinde alimwomba arudie maneno hayo, akayaandika kama yalivyo. Tulipofika karibu na geti la kiwanda alisimama akasema, "Nimeuinua mno, na nimeufanya mgumu mno. Nilitaka umbebe, kumbe umembinua."

Aliingia moja kwa moja kwa meneja, mlango ukiwa wazi.

"Si maji wala si ngazi," alisema. "Mchoro wangu ndio uliomwangusha. Naandika hivyo, na jozi zote zirudishwe leo."

Meneja alishika kichwa. "Bi mkubwa, ukiandika hivyo tumekwisha. Kuna watu arobaini na wawili kwenye laini ile."

"Nisipoandika, ataanguka mwingine. Huyo wa pili utamwambia ngazi zilikuwa na maji?"

Meneja wetu yule, ambaye sasa naye amestaafu, hakuwa mtu mbaya. Alimsukumia karatasi upande wake wa meza. Bi Upinde akaandika. Viatu vikarudishwa. Laini ya wauguzi ikazimwa, na wenzetu arobaini na wawili wakaenda nyumbani kusubiri wasichokijua. Kulikuwa na waliopita mlangoni pake bila kumsalimu. Alikuwa akiwasalimu yeye kwanza, kwa majina ya watoto wao, nao wakaitika kwa shingo upande.

Yafuatayo ni yangu, na nimeyabeba muda wa kutosha. Siku nilipomaliza kuchonga kalibu ile, nilitoa soli ya kwanza, nikaiweka sakafuni, nikaikanyaga. Nilihisi mguu unalala upande wa nje. Nilihisi waziwazi. Nikajiambia, mimi ni nani nimkosoe mwenye michoro? Nikaipeleka kwenye laini. Siku tatu baada ya viatu kurudishwa, nilikwenda chumba cha michoro nikamwambia hivyo hivyo.

Aliweka kalamu chini. "Uliikanyaga?"

"Niliikanyaga."

"Ukahisi?"

"Nikahisi, dada."

"Fundi, ningekupiga na nyundo," alisema. "Bahati yako nyundo ni yako na mimi siazimi." Halafu sauti ikashuka. "Kosa la kuchora ni langu, usinipunguzie. Lakini kuanzia leo wewe ndiye wa kwanza kuvaa. Na ukihisi kitu, hata kama ni mavi ya inzi, useme."

Kwa hiyo nilivaa. Kwa miezi miwili nilitembea kiwandani na viatu visivyofanana, kulia sampuli hii, kushoto sampuli ile. Tulitengeneza kumi na moja. Ya tatu ilikuwa laini kiasi kwamba upinde ulizama kama mto wa sponji uliochoka. Ya saba ilinifanya nitembee kama bata, na mke wangu aliniuliza kwa upole kama kuna ugonjwa namficha. Kila jioni Bi Upinde alinipandisha na kunishusha ngazi za stoo huku amepiga magoti, shavu karibu na sakafu, akitazama kisigino changu kinavyotua. Wapakuzi walizoea. Mmoja aliuliza kama tumeanza dini.

Jibu halikuja kwa siku moja, na halikuwa kwenye upinde peke yake. Alipunguza kimo chake kwa milimita nne. Akaweka tabaka mbili: juu sponji laini inayokubali mguu, chini mpira mgumu unaouzuia usizame zaidi. Kisha akagundua kwamba amekuwa akitafuta katikati ya mguu dawa iliyoko nyuma. Akapanua kisigino cha soli, akakizungushia ukingo kama kikombe kifupi, ili mfupa wa kisigino ukae ndani yake na usiyumbe. "Nguzo haisimami kama msingi unacheza," aliniambia, akiwa amejikasirikia kwa kuchelewa. Sampuli ya kumi na moja niliivaa asubuhi, na saa sita nikaulizwa inaendeleaje. Nikasema, "Ipi?" Nilikuwa nimesahau kama nimevaa sampuli. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu ile simu.

Hata hivyo hakukubali iingie kwenye laini. Alikuwa akimtembelea muuguzi kila Jumamosi, akimpelekea habari za kila sampuli, iliyofaulu na iliyofeli. Muuguzi ndiye aliyesema mwenyewe, daktari alipomruhusu kutembea bila fimbo na mwezi wa mazoezi ukaisha: "Mimi ndiye niliyeanguka, mimi ndiye nitakayevijaribu. Tena kwenye ngazi zilezile."

Bi Upinde alikataa mara mbili. Mara ya tatu muuguzi alimwambia, "Mama, nami nina hofu yangu ya kuiondoa. Usininyime."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Tulisimama chini ya ngazi: Bi Upinde, meneja, muuguzi mkuu wa hospitali, na mimi. Ngazi ishirini na mbili, na kona moja katikati. Muuguzi alipanda bila shida. Kupanda hakujawahi kuwa tatizo. Akafika juu, akageuka, akaanza kushuka, mkono mmoja karibu na reli bila kuishika. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tano. Pale kwenye kona, mahali penyewe alipoangukia, akasimama.

Bi Upinde alikuwa ameushika mkono wa shati langu akaukunja ngumini. Kifungo kilikatika, nikakisikia kikidondoka na kujiviringisha. Meneja alifumba macho kabisa. Kule juu muuguzi akainama.

"Kamba tu!" akatupigia kelele. "Imefunguka!"

Akaifunga, tena kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote, akashuka ngazi zilizobaki kama anayeteremka kwenda kuchota maji. Alipofika chini hakusimama. Alipitiliza hadi mwisho wa korido, akarudi, akasimama mbele ya Bi Upinde.

"Nimeusahau mguu," alisema. "Toka nianguke sijawahi kuusahau. Leo nimeusahau."

Bi Upinde aliketi kwenye ngazi ya chini, akaweka uso ndani ya viganja, mabega yakitikisika, na hatukujua analia au anacheka mpaka alipoinua uso tukaona ni vyote viwili. Muuguzi akaketi kando yake. Meneja alijifuta uso kwa tai, kisha akatoka nje kupiga simu, na safari hii simu ilikuwa ya kweli. Jumatatu iliyofuata wenzetu arobaini na wawili walikuwa kwenye laini yao. Waliokuwa wakimwitikia kwa shingo upande walipita mlangoni pake mmoja mmoja, wengine na maneno, wengine wamekosa maneno wakabaki kusema, "Haya, dada." Aliwapokea wote sawa.

Soli hiyo ndiyo mnayoiona leo chini ya viatu vyetu karibu vyote. Wanaivaa wauguzi, wapishi, walinzi wa mageti, na walimu wanaosimama ubaoni kutwa. Mume wake, ambaye ni mwalimu mstaafu wa hisabati, anasema amefundisha miaka kumi ya mwisho juu ya kazi ya mkewe bila kulipia. Bintiye mkubwa alipoolewa, bibi harusi alitaka viatu virefu vyenye kisigino cha msumari. Mama hakubishana. Alivichukua siku mbili, akavirudisha vimetiwa kitu ndani. Bibi harusi alicheza hadi mwisho wa sherehe, wapambe wake wakiwa wameketi viatu mapajani, wakisugua vidole. Wifi zake walikuja kiwandani wiki ile ile.

Watajua zaidi wale waliofanya naye kazi kwenye viatu vya shule, ambavyo alivihangaikia miaka sita, kwa sababu mguu wa mtoto haujamaliza kujijenga na yeye hataki mtu aujenge kwa nguvu. Kwa viatu hivyo alikataa kabisa upinde wa juu. Mtu wa mauzo alilalamika: "Lakini wewe ndiye Bi Upinde!" Akamjibu kwamba jina wamempa wao.

Sasa, kwa nini tumeshusha pumzi? Kwa sababu alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita, na akakataa. Mwaka jana akaahirisha tena. Afya yake haikuwa nzuri. Presha ilimpanda mara mbili akiwa kazini, mara moja tukambeba hadi kwenye gari. Mumewe alikuja kuniona. "Shemeji, zungumza naye, mimi hanisikii." Nilizungumza. Hakunisikia pia. Tulidhani ni ile hali ya wafanyakazi wa zamani ya kung'ang'ania kiti. Tulimkosea.

Mrithi wake amekuwa naye miaka tisa. Ni mchoraji hodari, mama wa watoto wawili, mkono mwepesi kuliko wa Bi Upinde mwenyewe. Lakini alikuwa na adabu kupita kiasi. Kila mchoro wa Bi Upinde ulioletwa mezani, alisema, "Uko sawa, mama." Bi Upinde alianza kuweka makosa kwa makusudi, kidogo kidogo: milimita hapa, pembe pale. "Uko sawa, mama." Alikuwa akirudi nyumbani akiwa mgonjwa kwa ajili hiyo. Haya tumeyajua mwezi uliopita tu.

Mwezi wa Aprili, siku ya kawaida kabisa, alipeleka mchoro wa kiatu cha mhudumu wa hoteli. Huo haukuwa na kosa la makusudi. Alikuwa ameufanyia kazi wiki tatu na aliuona umekamilika. Mrithi wake aliutazama, akavua miwani, akavaa tena.

"Mama, samahani. Mbele hapa pamebana. Vidole vitagombana. Siwezi kuupitisha."

Bi Upinde alichukua rula, akapima. Akapima tena. Pamebana kweli.

Ndipo aliposhusha ile pumzi niliyowaambia. Wa stoo waliisikia, wakadhani ni mtungi wa hewa umefunguka. "Umenikatalia," alimwambia yule mama, huku akimshika mabega. "Umenikatalia! Mungu akubariki. Mbona umechelewa hivyo?" Alasiri hiyo hiyo alikwenda ofisi ya utumishi kuomba fomu ya kustaafu. Presha yake ilipopimwa wiki iliyofuata ilikuwa imeshuka, na daktari aliuliza amebadilisha dawa gani.

Nimebakisha jambo moja. Kwa miaka yote hii Bi Upinde amekuwa akitusalimu huku anatazama chini. Wageni walidhani ni haya au ni dharau. Alikuwa anasoma miguu: nani anaegemea kushoto, nani kisigino chake kimelika, nani anaumwa na hajasema. Wengi wetu tumepelekwa hospitali na macho yake kabla hatujajijua.

Juzi tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya stoo, tunakunywa chai, watu wa zamu ya mchana wanaingia. Nikaona hasemi kitu kuhusu mtu yeyote. Ameinua kichwa, anatazama wanaopita, anatabasamu. Kisha akanigeukia mimi, akanikazia macho.

"Fundi, kumbe una kovu kidevuni! Umeumia lini?"

Nilikuja nalo siku niliyoajiriwa, miaka ishirini na sita iliyopita. Nilimwambia hivyo. Alicheka hadi chai ikamwagika, akasema, "Basi nina kazi. Nyinyi wote sijawaona bado."

Asante, dada yetu, kwa magoti uliyopiga sakafuni ili sisi na wengine tusimame. Asante kwa kuandika ile karatasi. Nenda ukaone nyuso: za mumeo, za binti zako, za wajukuu, na zetu pia, maana geti unalijua. Tunakuombea siku ndefu, afya tele, na usingizi usio na mchoro ndani yake.